Mombasa ya Kitambaa

Harufu ya rangi ya mafuta hunirudisha kwetu Garsen mpaka leo. Kitambaa ambacho Katana, mpiga picha wetu, alikitundika nyuma ya wateja kilinuka rangi hiyo pamoja na jasho la kila aliyewahi kukiegemea. Kilichorwa Mombasa ya jua likizama: mbingu ya zambarau, kivuko kikivuka Likoni, taa za manjano zimejipanga ufuoni. Msimu wa Idd watu walitoka Minjila na Tarasaa wakapiga foleni mbele yake, akina mama kwa magauni mapya ya dera, vijana kwa miwani ya kuazimwa na Katana mwenyewe. Ukiingia nyumba yoyote ulikuta Mombasa ileile ukutani. Na kichekesho ni kwamba nyingi ya picha hizo zilipelekwa kwa ndugu waliohamia Mombasa. Aliyeko Mombasa akapelekewa Mombasa!

Mama yangu alikuwa mmoja wa ndugu hao. Alikwenda kuwafulia watu nguo baada ya ukame kututafunia mifugo, akaniacha kwa nyanya, na Idd mbili zikapita bila yeye. Wasafiri walituletea salamu kwamba amezoea mji. Neno hilo, amezoea, lilinichoma kuliko kama wangeniambia anaumwa. Nilimtaka mama yangu, basi. Idd ya tatu nyanya akanishika mkono hadi kwa Katana, nami nikadhani tunakwenda kusimama mbele ya kivuko. Nyanya alikikagua kitambaa kile kama ng'ombe mwenye kilema mnadani, akasema, "Hii mji mtoto yangu anaona kila siku. Wewe kuja malka, piga picha mimi na ng'ombe yangu."

Malka ni njia ya mifugo kushukia mtoni, katikati ya mashamba ya Wapokomo. Sisi Waorma tumeirithi kwa makubaliano ya wazee wa pande zote mbili. Katana alicheka. "Nyanya, kule hamna kitu, ni tope tupu. Watu wataka mahali maarufu."

"Maarufu kwa nani?" nyanya akamuuliza. "Ng'ombe yangu yote inajua hapo."

Waliopinga zaidi walikuwa watu wetu wenyewe. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Kutaja idadi yao ni kuyaita mabaya zizini, na picha, ami yangu alisema akifoka, ni kumpa mgeni nafasi ya kuhesabu kwa starehe, pembe baada ya pembe. Nyanya hakubishana na mila. Alimkalisha Katana ukingoni tangu alasiri na kumkataza kugusa kamera. Ng'ombe wakashuka na vumbi lao, wakaingia majini, wakanywa. "Jua lazama, nyanya! Hapa hatutaona kitu," Katana akalalamika. "Ngoja," akajibiwa. Jua likatua ng'ambo ya mto. Migongo ikashikana, pembe zikachanganyika, kundi zima likawa kitu kimoja cheusi juu ya maji yaliyobaki mekundu. Mimi niliyewajua kila mmoja kwa jina sikuweza kuwatenganisha. "Sasa piga," nyanya akasema, kisha akamgeukia ami. "Haya, nani ataweza hesabu?" Ami akasogea kando kumpisha Katana. Katana aliitegemeza kamera juu ya dumu la maziwa, akabana pumzi, akapiga.

Picha ilimfikia mama. Nyanya ni kivuli tu pale, lakini hakuna mwingine asimamaye vile, fimbo begani, kidevu juu, kama aliyeuzaa mto ule. Mvua zilipoanza mama alirudi na sanduku lake lote. Hakusema ni picha iliyomrudisha, nami sikumuuliza. Usiku ule nililala nimekamata pindo la leso yake.

Leo kamera ni yangu, na Mombasa ya kitambaa nimeipiga mara nyingi ikiwa ya kweli: kivuko, ngome kongwe, taa za meli bandarini, daima saa ile ya nyanya, giza likikaribia. Naupenda mji huo. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Malka yetu imebanwa kwa nyaya za ua, na kila ajaye na ramani hutuambia kule hakuna kitu. Maneno hayo yananikera, tena sana. Ndiyo maana katikati ya picha zangu za mji, dukani kwangu, ninaitundika ile ya malka aliyoipiga Katana, na sitaiondoa. Juzi alikuja bwana mmoja kuchagua picha za ufuo za kupamba hoteli yake. Akasimama mbele ya picha hiyo, akataka niitoe, kwani wageni wake wanapenda mahali maarufu.

"Maarufu kwa nani?" nikamuuliza.

Akaona haya kidogo, akasogea karibu, akaanza kuonyesha kwa kidole lile giza lenye pembe. "Hawa ni ng'ombe? Wako wangapi?"

Nikamshusha mkono. "Wa kwetu hawahesabiwi."