Nyumba Isiyo na Mabati

Nilijifunza kuchora nyumba kwa ordinatere, yaani kompyuta, na hadi leo nikikumbuka zile siku macho yananiuma.

Kaka yangu mkubwa, anayechimba dhahabu Lusangi, alitaka kumjengea Mama nyumba hapa Kasongo. Mama hakutaka. Tangu Baba afariki tunaishi katika chumba nyuma ya duka la mjomba, na kila nyumba ilipotajwa Mama alisema, «Muniache nipumuzike.» Basi kaka akaniambia kwenye simu: «Umuonyeshe nyumba yenyewe kwa picha, aione kwa macho. Akikubali, tunajenga. Akikataa tena, mimi naacha.»

Mimi nilimaliza shule ya msingi tu, na ni mtu wa haya. Nilisimama muda mrefu mbele ya nyumba ya fotokopi, penye ordinatere, kama mtu anayengojea mwenzake, hadi mwenye mashini akaniita mwenyewe. Tulipatana kwamba nitafagia na kuchota maji, naye jioni, wateja wakipungua, ataniachia kiti na kunifundisha.

Programu ilikuwa ya Kifaransa. Nilisoma kila neno kwa silabi, midomo ikicheza, na nilipofika mwisho wake nilikuwa nimesahau nilichotaka kufanya. Nikaacha kusoma. Nikashika mahali: alama ya ukuta iko juu kushoto, ya mlango iko chini yake. Ukuta wangu wa kwanza ulipita ukavuka kiwanja chote. Mlango niliuweka ukafungukia ndani ya ukuta mwingine.

«Mudogo, unashika kipanya sawa jembe,» mwenye mashini alicheka. «Polepole. Ukuta haina miguu, haitakimbia.»

Lakini ulikimbia. Gurupu ya kutoa umeme ilizimika mara nyingi, na kazi ya jioni nzima ikaenda nayo. Nilikuwa nakaa tu mbele ya kioo cheusi, mgongo umekufa ganzi, nikisikia watu wanapita barabarani wakiongea mambo yao.

Hatimaye kuta zilikutana. Vyumba viwili, sebule, stoo. Paa sikuliweza bado, lakini nilifikiri si kitu, maana bila paa vyumba vinaonekana vizuri kutoka juu. Nikapiga picha ya kioo kwa simu, nikampelekea Mama. Alikuwa anamenya muhogo. Alijipangusa mikono, akashika simu, akatazama.

«Mabati iko wapi?»

«Bado, Mama. Hapa unaona vyumba.»

«Nani amekufa humu ndani?»

Akanirudishia simu, akashika kisu chake. «Ile nyumba siitaki. Umwambie kaka yako.»

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Baba alipozikwa kule kwetu, upande wa Wamaza, ndugu zake walipanda juu ya nyumba wakang'oa mabati, wakisema ni ya ukoo. Sisi tulikuwa bado ndani tunafunga vitu. Jua lilituangukia juu ya vitanda. Sasa mimi mwanawe nilikuwa nimemwonyesha Mama kuta tupu na mwanga ndani ya vyumba.

Kaka sikumwambia. Nilirudi kwenye mashini.

Paa ndilo lilinichosha kuliko yote. Nilipolichora mara ya kwanza lilikaa chini sakafuni, kuta zikalitoboa kama miti inayoota. Mwenye mashini akasema, «Nyumba yako imevaa kofia miguuni!» Halafu akaona uso wangu, akaacha kucheka, akanionyesha mahali pa kuandika urefu wa kuta ili paa lipande. Nikaandika. Likapanda, likaelea juu hewani. Nikaandika tena. Upande mmoja ukashuka, mwingine ukagoma. Nililala na lile paa machoni, nikaamka nalo.

Jioni paa lilipokaa sawasawa sikufurahi hata. Nilitaka kulala tu. Niligeuza nyumba, nikaipiga picha kutoka mbele, imefunikwa kila upande.

Mama aliitazama muda mrefu. Aliisogeza simu mbali, akaileta karibu. Nilijua atakataa, na kwa kweli nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata akikataa ningesema sawa.

«Barza iko wapi?» akauliza.

«Sikuweka.»

«Mvua ikinyesha, nitapokelea watu wapi? Chumbani?»

Nilitoka nje nikampigia kaka. Kulikuwa na kelele za wachimbaji nyuma yake. Nikamwambia Mama hakusema ndiyo, hakusema hapana, anauliza barza.

«Anauliza barza? Mudogo wangu, basi amekubali. Weka barza.»

Kesho yake nilikaa tena kwenye kile kiti. Kwa barza ilibidi nisogeze ukuta wa mbele, na nilipousogeza kila kitu kikapinda. Nikapangusa macho, nikaanza upya kwenye kona.