Masikio Niliyorithi kwa Babu

Masikio yangu, yaliyochomoza pande zote mbili za kichwa, yalikuwa ya babu. Alifariki kabla sijazaliwa na hakuacha picha hata moja, kwa hiyo bibi alipotaka kumwona alinitazama mimi. Kila nilipofika kwake Usagara na kumwamkia, aliitika marahaba, kisha utani ukaanza.

"Mume wangu, umerudi mikono mitupu tena? Mwenzako aliyekuachia masikio hayo alikuwa hakosi khanga."

Nilicheka, huku nikiwaza kwamba siku nikibadilika atakuwa amefiwa mara ya pili.

Vijana wa mtaani kwetu Pasiansi waliyaona vingine. Nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani, madishi ya setilaiti yalikuwa yameanza kuota juu ya mapaa ya wenye uwezo. "Dishi, geuka kidogo," waliniambia kijiweni, "tunataka mpira wa Ulaya." Serikali ilikuwa imeacha kutupangia kazi, kila mtu alijitafutia kwa usaili, na kila nilipokosa nilijiuliza kama waheshimiwa walionisaili walisikia majibu yangu au walikuwa wanatazama masikio tu.

Kibarua nilichopata kilikuwa cha ukalimani. Daktari mgeni wa upasuaji wa sura alikuja hospitalini kwa muda, kutengeneza midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa na makovu ya moto, nami nilisimama kati yake na wagonjwa. Sikuchoka kumtazama. Alichora nyusoni kwa wino wa zambarau kama fundi cherehani anayeweka alama kwenye kitambaa, kisha akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akatazama tena. Nilitaka kujua anaona nini pale ambapo mimi naona shavu tu.

Siku moja aliniuliza kama nimewahi kufikiria kuyarekebisha masikio yangu. Sikuwa nimefikiria kingine tangu afike. Mtoto mmoja aliyepangiwa upasuaji alikuwa amepata malaria na nafasi yake imebaki wazi. Nilimwambia nina mtu wa kumuuliza kwanza.

Bibi alisema hawezi kujibu jambo la namna hiyo kwa kutumiwa salamu. Akaja mwenyewe, amevaa viatu vya kanisani, akaketi mbele ya daktari.

"Muulize," aliniambia, "akishakata, kile kipande kinakwenda wapi? Nikakizike alipolala mwenyewe."

Nikatafsiri huku nikitazama sakafu. Daktari hakucheka. Alichukua karatasi, akaikunja ukingo. Akaeleza kwamba masikio yangu si makubwa, ila yamekosa mkunjo mmoja ambao wengi huzaliwa nao. Angefungua ngozi kwa nyuma, akunje gegedu, ule mfupa laini wa sikio, kisha aushone ukae. Kitakachotoka ni ngozi kidogo tu. Nilisita kwenye hiyo ngozi, lakini nikaitafsiri.

"Ngozi si kitu," bibi alisema. "Hata ukijikwaa unaiacha barabarani. Sikio lenyewe linabaki lote?"

"Linabaki lote," nilimtafsiria jibu la daktari.

Aliikunjua ile karatasi, akaikunja tena mwenyewe. "Haya, akupasue. Lakini usije ukaniletea mtu mwingine."

Sentensi hiyo ndiyo niliyoingia nayo chumba cha upasuaji. Nilichomwa sindano za ganzi, sikulazwa usingizi. Maumivu hayakuwepo, ila sauti zilikuwepo, na hilo sikuwa nimeonywa. Mkasi ulilia ndani kabisa ya kichwa. Uzi ulipopita kwenye gegedu ulikwaruza kama kucha kwenye turubai. Nililala pale nikistaajabu kwamba sikio linaweza kusikiliza likishonwa lenyewe, na nikajiuliza kama babu aliwahi kuyasikia masikio yake kwa namna hiyo.

Bendeji ilipotolewa nilijitazama kwenye kioo mpaka uso ukaanza kuwa mgeni. Nikapanda gari kwenda Usagara.

Bibi alikuwa uani, anakata viazi vitamu vipande vyembamba vya kuanika. Nilimwamkia. Aliitika marahaba, lakini utani haukuanza. Nilikaa kwenye kigoda. Alinitazama kwa mbele, kwa ubavuni, akarudi kwenye viazi. Nikajua nimemfanyia nini.

Kisha akafuta mkono kwenye khanga, akanivuta kichwa na kupitisha kidole nyuma ya sikio, taratibu, kando ya kovu, mpaka akaukuta ule mkunjo.

"Asubuhi za baridi, akitoka na ng'ombe," alisema, "babu yako alijifunga kitambaa kichwani. Masikio yalilala hivi hivi. Sikukipenda kile kitambaa."

"Kwa nini?"

"Nikimtuma kitu, anajifanya hasikii."

Akaniachia kichwa na kusogeza beseni katikati yetu.

"Haya, mume wangu. Leo huna kitambaa, unasikia. Shika kisu."