Mpishi wa Kisarawe Asiyeficha Kiporo

Ni saa mbili kasoro robo asubuhi, Kisarawe. Umande haujakauka juu ya bati la kibanda kinachotazama barabara iendayo Pugu, na Salehe Kondo yuko kazini. Mbele yake kuna sinia kubwa la wali mweupe, uliopoa, mkavu. Moto hajauwasha. Anauvunjavunja wali kwa vidole, na kila akikuta donge huliinua, hulitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoro, kisha hulibonyeza mpaka lisambaratike.

"Punje zikiwa bado zimekumbatiana, mafuta yatapita wapi?" anauliza, bila kungoja jibu.

Juu ya kichwa chake umetundikwa ubao wenye maandishi makubwa meusi: WALI WA KUKAANGA. KIPORO CHA JANA. KARIBU.

Msomaji usisugue macho, umesoma vizuri. Huku Uzaramo, ambako kuku akimwona mgeni anapiga hodi hukimbilia uvunguni, yuko mtu anayekitangaza kiporo mlangoni, tena kwa herufi zinazosomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Na watu wanakuja.

Siku za kawaida Salehe huuza sahani thelathini, kila moja senti hamsini. Siku ya soko hufika sitini. Madereva wa malori husimama, makarani wa Boma huteremka kwa miguu, na walimu hutuma masufuria.

"Zamani nilikuwa nikipanda lori mpaka Dar es Salaam kutafuta wali wa kukaanga," anasema Bwana Athanas, karani wa Boma, akijipangusa mdomo. "Nimezizunguka hoteli za Wahindi, za Wagoa, hata za Wachina. Sasa nauli yangu naila hapa hapa."

Mpishi anayesifiwa namna hiyo angepaswa kulala usingizi mzuri. Lakini Salehe ana mtu mmoja ambaye sifa zake hajazipata, na asipozipata hizi nyingine zote haziitoshi roho yake. Mtu huyo ni mama mkwe wake, Bi Mwanajuma wa Marui. Ni miezi saba hajakanyaga kibandani hapa, wala salamu za mkwewe hazipokei. Aliondoka kwa sababu ya neno kiporo, lile lile ambalo sasa limeandikwa ubaoni.

Salehe alizaliwa Kurui, miaka arobaini na miwili iliyopita. Baba yake alilima mpunga na mihogo. Mama yake, marehemu Biubwa, ndiye aliyemfundisha kupika, na pamoja na upishi akampa sheria moja.

"Alisema, mwanangu, kiporo ni chetu sisi wenye nyumba. Tukipashe asubuhi, tule na chai, tukafanye kazi. Mgeni hapewi kiporo, hata kama umebaki na kibaba kimoja cha mchele. Kipike hicho kibaba."

Na sheria hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka 1938 alikwenda Dar es Salaam akapata kazi katika hoteli ya meza sita, upande wa Uhindini. Mwenye hoteli alikuwa Mchina mmoja aliyeitwa Fong, mzee mkimya aliyehamia kutoka Unguja, alikokuwa akinunua majongoo ya bahari. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja hasa, na Salehe anasema mara nyingine yeye Mzaramo ndiye aliyesahihishwa.

Siku yake ya pili kazini, Salehe alifungua kabati la waya akakuta sufuria nzima ya wali wa jana. Akashtuka. Akajisemea kwamba tajiri yake ni bahili kupita kiasi, anataka kuwalisha watu kiporo kwa pesa zao. Basi akaamua kumfichia aibu. Wali ule akawamwagia kuku wa jirani, akapika mwingine wa moto, wenye kunukia, mpaka mtaa mzima ukajua. Saa sita akautia karaini na mayai na kamba, kama alivyokuwa ameelekezwa.

"Ulikuwa bokoboko," anasema, na hata leo, miaka kumi na sita baadaye, anafunika uso kwa kitambaa cha begani. "Kulikuwa na fundi cherehani Mgoa, mteja wa kila siku. Akakoroga sahani, akaniita. Akaniambia, Salehe, uji nimeuagiza mimi au umenipa zawadi?"

Mzee Fong hakufoka. Alimuuliza tu wali wa jana uko wapi. Salehe akajibu kwa fahari kwamba wameula kuku, maana wageni hawapewi kiporo. Mzee Fong akakaa kitini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akawasha moto, akaweka makarai mawili. Katika moja akakaanga wali uliotoka jikoni wakati ule ule. Katika la pili akakaanga kiporo alichokwenda kuomba kwa jirani. Mchele wa duka moja, mafuta ya chupa moja.

"Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Methali hiyo nilikuwa nikiisema tangu utotoni, lakini siku ile ndipo nilipoila," anasema Salehe.

Wali wa moto, anaeleza, una maji ndani yake. Ukiupiga kwa mafuta hulia na kushikana. Wali uliolala umekauka juu, kila punje imejitegemea, na moto mkali huipata yote. Lakini kulala kuna adabu zake. Hautiwi nazi, maana nazi huchacha. Ukishaiva hutandazwa kwenye sinia upigwe na upepo, na haufunikwi mpaka upoe kabisa. "Ukiufunika na moto wake, asubuhi utaukuta unanuka. Hicho hata mimi nakimwaga."

Kwa miaka kumi na mitatu Salehe alikaa na mzee Fong. Siku za mapumziko, wenzake walipokwenda ngomani, yeye alizunguka katika hoteli ndogo ndogo za mjini akiagiza kitu kimoja tu. Kwa Mhindi mmoja alikuta bizari imezidi mpaka wali umekuwa wa njano kama kanzu ya bwana harusi. Kwa Mgoa alisikia harufu ya nguruwe, akaacha sahani na senti zake akatoka. Kwa Mchina wa karibu na bandari alikuta kitu kizuri, akarudi mara nne, mpaka wakamdhania mpelelezi wa afya.

Alikuwa na kipimo chake. Alichota wali kwa mkono akaufinyanga. Ukikubali tonge, alilipa akaondoka. Ukimwagika kati ya vidole, alikaa akala mpaka mwisho.

"Wali wa kukaanga ukikubali tonge, umekosewa," anasema. Na mwandishi wa makala haya, aliyekula sahani mbili kwa ajili ya uchunguzi tu, anathibitisha kwamba wa Salehe haukubali tonge hata ukiubembeleza.

Mwaka 1951 mzee Fong alifunga hoteli, akarudi Unguja kwa mwanawe. Salehe akapewa karai kubwa la chuma, akaja nalo Kisarawe akiwa na mkewe, Sikuzani, na binti yao, Swaumu. Akajenga kibanda. Wali wake ukapendwa tangu wiki ya kwanza, na hakuna aliyeuliza umepikwaje. Yeye naye hakusema.

"Hapo ndipo nilipokosea," anakiri. "Kunyamaza ni rahisi wakati watu wanakusifu."

Miezi saba iliyopita Bi Mwanajuma alikuja kutoka Marui kumwona mjukuu. Mkwe ni mkwe. Salehe akamwekea kiti cha peke yake, akamnawisha mikono, akamkaangia sahani iliyojaa kamba. Bi Mwanajuma alijaribu kumega tonge, wali ukamwagika, akacheka, akaomba kijiko. Akala yote. Akasema tangu amwoze binti yake hajawahi kufurahi hivyo.

Kisha akaenda uani kunawa. Huko akakuta masinia mawili ya wali baridi, akauliza ni wa nini. Salehe hakuweza kumdanganya mama wa mkewe.

"Akanitazama," anasimulia, sauti ikishuka kwa mara ya kwanza. "Akasema, 'Mimi, mama wa mkeo, nimetoka Marui kwa miguu, na wewe umenipa kiporo?' Nikasema, 'Mama, nisikilize.' Akachukua kanga yake akatoka. Hata maji ya kunywa aliyaacha."

Siku ya tatu Kisarawe nzima ilikuwa na habari, na habari haikuja vile vile ilivyoondoka. Kiporo kikageuka makombo. Ikasemwa kwamba Salehe hukusanya mabaki ya sahani za wateja, huyachanganya na mayai, huyauza tena. Sahani thelathini zikawa nne kwa siku. Bwana afya alikuja kukagua, akachungulia kila chombo, akaondoka bila neno. Watu wakasema amehongwa.

"Hilo la makombo liliniuma kuliko yote," anasema Salehe, na ukali unampanda. "Kiporo ni chakula kilicholala. Makombo ni mabaki ya mdomo wa mtu. Mswahili gani asiyejua tofauti?"

Bwana Athanas, mmoja wa wale wanne waliobaki, alimpa ushauri wa kikarani: abadilishe jina, auite pilau la Kichina, masinia ayafungie ndani. "Nilimwambia, nani atajua?" anakumbuka Athanas. "Akanijibu, mama mkwe atajua."

Badala ya kuficha, Salehe alinunua ubao na rangi. Ijumaa iliyofuata, watu walipotoka msikitini, walikuta makarai mawili yamewekwa nje, barabarani kabisa. Katika moja wali wa moto, katika la pili kiporo. Alikaanga mbele yao, akampa kila aliyetaka kijiko cha huku na kijiko cha kule, bure. Hakuhubiri. Mzee mmoja alionja bokoboko akalitema. Akaonja kiporo, akanyoosha mkono tena. Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndicho kilichofukuza makombo Kisarawe.

Baada ya mwezi mmoja sahani zilirudi thelathini. Kizuri chajiuza, ndiyo, lakini hiki kilisaidiwa na mtu asiyeogopa kukiita kwa jina lake.

Marui, hata hivyo, haikusikia kicheko kile. Kila mwezi Sikuzani huenda kumwona mama yake, na kila mwezi hurudi na mihogo, na mboga, na salamu za watu wote isipokuwa za yule mmoja. "Mama yangu si mbaya," anasema Sikuzani. "Aliona amedharauliwa. Kumwambia mtu mzima kwamba hakudharauliwa, hilo halitoshi."

Salehe ana mipango, na huisema kama mtu aliyekwisha kuifanya. Anataka kufungua kibanda cha pili Soga, upande wa Kibaha, karibu na stesheni. Treni inaposimama abiria hununua ndizi na mayai ya kuchemsha. Yeye anataka wapate wali wa kukaanga uliofungwa kwenye jani la mgomba, ulio moto bado. Amekwisha kwenda mara mbili kutazama kiwanja. Ubao wa Soga amekwisha kuuchonga.

"Wenye neno lile lile?" anaulizwa.

"Lile lile. Ila limeongezeka: SI MAKOMBO."

Saa sita inakaribia, karai linavuma, na mwandishi anamuuliza ataanza lini. Salehe anafungua kinywa kujibu, lakini macho yake yamekwenda barabarani. Sikuzani anarudi kutoka Marui, kikapu kichwani. Leo hakuna mihogo. Anakitua kikapu taratibu juu ya meza na kufunua jani la juu. Ni mchele, mweupe, uliopepetwa mpaka hauna chuya hata moja.

"Wa shamba lake mwenyewe," anasema Sikuzani. "Kautwanga mwenyewe."

Salehe anajifuta mikono, ingawa haina kitu. "Amesemaje?"

"Amesema uupike leo."

Mpishi anageuka mbio. Anatafuta sufuria, anamwaga maji, anaulizia kamba wamebaki wangapi, anamwambia Bwana Athanas ainuke kwenye kile kiti, kiti hicho kina mwenyewe. "Mbona hukuniambia mapema, Mama Swaumu? Yuko wapi? Umemwacha njiani?"

"Baba Swaumu, hukunisikia," anasema mkewe, na sasa anacheka na machozi yamemlenga. "Wewe uupike leo. Yeye atakuja kesho."

Salehe anasimama na sufuria mkononi. Mwandishi anaona vyema atazame pembeni. Kisha Salehe anashusha sinia jipya lililotundikwa ukutani, analiosha mara mbili, na kuliegemeza juani likauke.

Anakumbushwa swali la Soga.

"Soga ingoje," anajibu, akianza kuosha mchele. "Kesho nina mgeni."