Milango Thelathini na Minne

Sauti inayokosekana chumbani ni ndogo tu: brashi ikigongwa mara tatu kwenye ukingo wa kopo. Ko, ko, ko. Kwa miaka kumi na tisa mshonaji aliisikia nyuma ya mgongo wake, hata akaacha kuisikia. Siku hizi akisimamisha cherehani abadilishe uzi, kimya kinamfanya ageuke. Nyuma yake kuna ukuta wenye madoa ya rangi ambayo hajataka kuyafuta.

Dada yake alikuwa mwandika vibao. Watu walimwita Mama Brashi, ingawa hakuwahi kuzaa. Aliandika majina ya maduka, bei za kunyoa, hata onyo la mbwa mkali kwenye geti la mtu asiye na hata paka. Mkono wake haukutetemeka wala hakutumia rula. Na alikuwa mtu wa kukaa. Akishaketi juu ya ndoo yake iliyofudikizwa, ungeweza kumsahau hadi jioni.

Kisha kimbunga kikaja, siku mbili mfululizo. Upepo ulibandua mabati kama mtu anayechuna karatasi, halafu bahari ikapanda hadi kuvuka daraja. Mtaa wa juu ulipoteza mapaa. Kule chini, kati ya daraja na maji, watu walibakiwa na sakafu tu, thelathini na nne za saruji, zimelala mchangani kama sinia zilizosahaulika baada ya shughuli.

Wiki ya pili ofisi ya mtaa ilimpa Mama Brashi kazi ya kuandika namba kwenye nyumba, ili makarani wa misaada wajue pa kufika. "Kila mlango na namba yake," aliambiwa. Akafanya kama alivyoambiwa, maana ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote: mteja akisema hivi, anaandika hivi, haongezi hata nukta. Alianza na 1 kwenye duka la dawa, akafika 212 kando ya daraja. Akavuka, akatazama. Hapakuwa na mlango hata mmoja. Akafunika kopo lake, akarudi nyumbani.

Baada ya wiki tatu orodha ikabandikwa. Nyumba 212. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja wa taipu: ng'ambo ya daraja hakuna makazi, eneo litafungwa lisijengwe tena. Karani angepita Ijumaa ijayo kuhakiki, kisha basi.

Mama yao mdogo, mwenye sakafu ya mwisho karibu na maji, ambaye sasa alilala chini ya turubai, alipanda hadi chumbani kwao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu nitazameni vizuri." Akazunguka mbele yao kama mtu anayejaribu gauni. "Ninaonekana? Mbele na nyuma?"

"Mama mdogo, jamani!"

"Nauliza tu. Nimesikia kule hakuna watu. Nikasema nije kwa aliyehesabu, pengine nimekufa na hakuna aliyenipa habari."

Mshonaji alicheka. Mama Brashi hakucheka, na tangu siku ile hakukaa tena. Alikula amesimama. Alikwenda ofisini, akarudi, akaenda tena kabla chai haijapoa.

"Mama, mimi naandika kilicho mlangoni," karani alimwambia. "Niletee mlango, nitaandika."

Alisema kwa mzaha, lakini Mama Brashi hakuwa na nafasi ya mzaha. Milango ilikuwepo. Ilielea ikapanda hadi mtaa wa juu, na watu, katika shida zao, waliiokota. Karibu yote aliipaka yeye rangi, na aliijua kama anavyojua sura za wenyewe. Mmoja ulikuwa paa la banda la kuku. Mwingine ulilazwa juu ya mtaro, watu wakavukia. Akawa anaingia nyua za watu, akiinama kuchungulia chini ya kila kitu kilicho bapa.

"Huo mlango ni wa fundi redio," alimwambia muuza nyama.

"Mlango gani? Hii meza."

"Meza ina tundu la ufunguo?"

Muuza nyama akalitazama tundu, akawatazama wateja. "Mimi nilidhani la kuchuruzia damu."

Wateja wakaangua kicheko, naye akaanza kuondoa nyama.

Kufikia Alhamisi alikuwa amekusanya thelathini na tatu. Uliobaki ni wa mama mdogo, wa buluu, aliompakia mwaka ule walipomzika mama yao.

"Weka ubao wowote," mshonaji alisema, haraka mno.

"Amekataa. Anasema akifungua mlango wa mtu mwingine ataingia kwa mtu mwingine." Mama Brashi alitua kikombe chake mezani, akakinyanyua, akakitua tena. "Nimetafuta hadi makaburini. Mbao haziliwi na maji, mdogo wangu. Uko mahali."

Mshonaji alijua uko wapi. Siku ya tatu baada ya kimbunga, meza yake ya kukatia ikiwa imesagika na sare za shule zinamngoja, aliukuta mtaroni nyuma ya nyumba. Alijua ni wa nani. Aliugeuza uso chini, akaupandisha juu ya matofali, akatandika shuka. Siku zote hizo dada yake aliutafuta mji mzima, akirudi nyumbani kutua chai juu yake.

"Dada, kaa."

"Sikai."

"Basi simama, ila usitembee."

Akaondoa kikombe. Akavuta shuka. Mama Brashi alipitisha mkono chini ya mbao, taratibu, mpaka vidole vikagusa bawaba. Mshonaji alingoja kofi, au tusi, au lolote.

"Shika upande huo," dada yake alisema.

Ijumaa karani alikuta milango thelathini na minne, kila mmoja na namba yake, imesimama juu ya sakafu, imeegemezwa kwa miti, bila ukuta hata mmoja. Nyuma ya kila mlango familia imeketi. Alipofika wa mwisho, alipita pembeni achungulie.

"Wewe baba!" mama mdogo alimkaripia. "Unapita ukutani? Hodi hujui?"

Karani akatazama pale ambapo hapakuwa na ukuta. Akarudi mbele, akabisha hodi, akaandika: 246.

Eneo halikufungwa. Mabati yalikuja baada ya miezi saba, hayakutosha nusu ya watu. Mama Brashi alisema atakaa kule chini na mama mdogo hadi apate kuta. Kuta zilipatikana, hakurudi. Hakuwahi kumuuliza mdogo wake kwa nini aliuficha ule mlango, na mshonaji, anayemtembelea kila Jumapili, angeshukuru kuulizwa. Upepo ukianza kuvuma katikati ya mazungumzo, Mama Brashi huinuka bila kuaga, akapita mlango kwa mlango, akitikisa vitasa.

Anaishi namba 246, na vibao anaandikia huko huko.