Barua ya Mama Niliyosema Haikuja

Admin, jina langu lisionekane popote. Jambo hili sijamwambia mtu, hata rafiki yangu ninayekwenda naye kuteka maji. Nimemdanganya mama, na Jumatatu atakwenda kuurudia uongo wangu mbele ya wakubwa wa chuo, akidhani ni kweli.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, naishi upande wa Tezo. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Huu ni mwaka wa nne anasomea shahada ya uzamili kila Jumamosi. Akirudi anapika, anasahihisha madaftari ya watoto, kisha ananipa karatasi zake nimchapie. Simu yake ilivunjika kioo, kwa hiyo barua za chuo huingia kwenye simu yangu na mimi ndiye ninayemsomea.

Matokeo yangu yalipotoka nilikuwa na D+. Mama alitazama, akasema, "Haya mwanangu. Hata C ya kusingizia hukupata?" Nadhani alikuwa akitania. Mimi sikucheka, na tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuitikia tu. Yeye mwenyewe ana C+ moja, ya takwimu. Aliinung'unikia wiki nzima, halafu akasema, "Sima imeungua chini kidogo, lakini A zangu zitaifunika."

Mwezi uliopita iliingia barua ndefu ya Kiingereza. Chuo kilikuwa kinabadilisha namna ya kuhesabu gredi za wanafunzi wa uzamili. C+ haitachanganywa tena na A kutafuta wastani. Itahesabiwa kuwa umeanguka, na somo lirudiwe. Wanaokaribia kumaliza wangeweza kubaki na hesabu ya zamani, mradi wajaze fomu kabla ya mwezi kuisha. Hayo nayajua leo. Siku ile nilisoma nusu. Nilipoona C+ nilisema moyoni, mwenye C+ ana nini cha kulilia? Shuleni kwetu C+ ndiyo mlango wa chuo kikuu. Msichana aliyeipata alibebwa kwa nyimbo hadi kwao. Nikaifunga barua nikaenda kuosha vyombo. Sijui kama nilisahau au nilitaka kusahau.

Wiki iliyopita mwenzake mama wa darasani, nimwite Mwalimu Riziki, alipiga kwenye simu yangu. Mama alikuwa anakuna nazi, akaniambia niweke sauti kubwa.

"Mwalimu, wewe ulibaki na hesabu ya zamani, sivyo?"

"Hesabu gani tena? Mimi na hesabu tumeachana, Riziki, talaka tatu!"

Wakacheka. Kisha Riziki akaeleza, na kwamba siku za kujaza fomu zimepita, na mama akaacha kukuna. Akanigeukia.

"Kuna barua iliingia?"

"Hakuna, mama."

Akamwambia Riziki, "Basi hawakuniandikia. Huyu binti ndiye msomaji wangu, hajaniangusha hata siku moja."

Shangazi alikuwa ameshamnunulia leso ya mahafali. Mama ameikunja, ameirudisha mfukoni. Atarudia takwimu mwaka mzima, isipokuwa wakubwa wakubali kwamba barua haikumfikia. Jana aliandika maneno atakayowapa, akaniletea niyachape. "Sikupokea taarifa yoyote." Nimeyachapa kwa vidole hivi, na barua ingali kwenye simu hiyo hiyo.

Nimechoka. Nikinyamaza, huenda wakaonyeshwa na mashine zao kwamba barua ilifunguliwa, na mwalimu mzima aonekane mwongo. Nikisema, mama namjua, hatakwenda kabisa. Atakaa chini arudie somo, na hatanipa karatasi yake nyingine nimsomee.

Dada zangu, mama zangu, nishaurini kabla ya Jumatatu, nifanye nini? Na kama kwa maelezo haya umemtambua mwalimu huyu, nakuomba usimwambie. Likimfika, limfike kwa mdomo wangu.