Goli Limeanguka Mbele ya Kamati

Naandika haraka, nisameheni nikikosea.

Leo kamati ya michezo ya mkoa imekuja uwanjani kwetu Gando kuangalia tulipofikia na kupanga kipi kianze kununuliwa.

Mwenyekiti akasema jezi kwanza, kisha mipira.

Mimi ndiye kocha wa timu ya wasichana. Nikamwambia, "Mheshimiwa, magoli yameliwa na kutu."

"Hilo baadaye, Bi Asha."

Nyuma yake kipa wetu, Rehema, alikuwa golini akijinyoosha. Upepo ukavuma, nikasikia chuma kinalia.

"Rehema, toka!"

Akaruka. Mtambaa panya, kile chuma cha juu cha goli, ukaanguka pale pale alipokuwa amesimama.

Rehema akajipapasa kichwa, akaniuliza, "Kocha, mie mzima?"

Nilimkumbatia tu.

Mwenyekiti alikigusa kile chuma, kikamegeka mkononi mwake. Akamgeukia katibu: "Magoli kwanza. Jezi zisubiri."

Wenzangu wananipongeza. Mimi sina furaha yoyote, nina hofu tu. Mama Rehema alimruhusu mwanawe kucheza kwa sababu nilimwahidi nitamtunza.

Sasa tuko nje ya nyumba yao, tumekuja kumweleza yaliyotokea. Rehema ananinong'oneza, "Kocha, anza wewe."

Hodi sijapiga. Nyie mngeanza na neno gani?