Chokaa Bila Chumvi

Mwanangu, hiyo kalamu ya tableti iweke chini kidogo, chai yako inapoa. Nina siku moja kichwani ambayo miaka yote hii haijaniondoka, na jana nilipokuona unamfuta yule bwana harusi kwenye picha ya mteja, siku hiyo ikanirudia nzima nzima, pamoja na harufu yake ya chokaa.

Kwanza nikwambie mimi ni nani, maana mnaniona nimekaa hapa na miwani puani mkadhani karakana hii ilijijenga yenyewe. Shule niliiacha darasa la tano. Lakini hapa Tanga, toka Tongoni mpaka Pongwe, ukiona bango limesimama sawasawa na herufi zake zinapumua, ujue limetoka kwenye mkono wangu au kwenye mkono niliofundisha mimi. Kompyuta nimejifunza na mvi zangu, tena bila cheti cha mtu. Na yule kijana aliyeniwekea programu ya kuchorea, aliponieleza habari ya maski, kwamba unaiweka kwenye leya, lile tabaka la picha, ukipaka nyeusi mahali panafichika, ukipaka nyeupe panarudi, na picha yenyewe haijaguswa, nilicheka mpaka akadhani namdharau. Nikamwambia, "Hiyo naijua tangu hujazaliwa. Sisi tulikuwa tunaikoroga kwenye ndoo."

Sasa sikiliza habari ya hiyo ndoo.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kupata vitu tena. Kabla ya hapo rafu zilikuwa tupu, watu wanapanga foleni ya sabuni, na sisi waandika mabango tulikaa tu, maana nani atangaze duka lisilo na kitu? Mara ikaja ruksa ya kuingiza vitu toka nje, bidhaa zikamiminika, na kila mwenye mlango akataka jina juu yake. Mimi nilikuwa kijana, brashi yangu ina haraka na mdomo wangu una haraka zaidi. Fundi wangu alikuwa Mzee Mhina, Mbondei mtulivu mwenye kibanda pale Makorora. Yeye alikuwa mtu wa kukohoa kuliko kusema. Mimi nilisema kwa niaba yetu sote wawili.

Ngamiani palikuwa na duka la vitambaa la ndugu wawili, Wahindi Waislamu, wazaliwa wa hapa hapa, Kiswahili chao kizuri kuliko changu. Mkubwa aliitwa Hashimu, mdogo Anwari. Juu ya mlango wao, kwenye ukuta mweupe, paliandikwa kwa rangi ya mafuta ya bluu: HASHIMU NA ANWARI. Kila herufi ilikuwa na kivuli chake, kazi ya fundi aliyekwisha kufariki. Ghorofani aliishi mama yao, ambaye miguu ilikuwa imemgomea, hawezi kushuka. Na ngazi ya kumfikia ilipita ndani ya duka, njia nyingine hakuna. Hilo la ngazi lishike, mwanangu.

Ruksa ilileta sukari, ikaleta na mitumba. Anwari akataka nusu ya duka iuze mitumba, kwa sababu watu ndiyo waliyokuwa wakiikimbilia. Hashimu akasema, "Sitauza nguo za kafa Ulaya chini ya kitanda cha mama yangu." Anwari akamjibu kwamba basi vitambaa vyake atawauzia nondo. Maneno yakapanda mpaka mtaa ukasimama kusikiliza. Anwari akaondoka, akafungua meza yake ya mitumba sokoni Makorora, akaapa mbele ya watu kwamba kile kizingiti hatakivuka tena.

Tangu hapo alipotaka kumwona mama yake alisimama barabarani. Mama anakokotwa kiti mpaka kwenye roshani, anateremsha kikapu kwa kamba, ndani mna kababu zimefungwa kwenye karatasi. Anwari anazitoa, anaweka dawa ya miguu ya mama, kikapu kinapanda. Mtaa mzima unasikia mazungumzo yao.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Mbona umekonda?"

"Sijakonda. Ni wewe uko juu, unaniona mdogo."

Watu walicheka, lakini kicheko cha kutazama pembeni. Mama alikuwa anazeeka pale juu, na mwanawe yuko chini ya miguu yake hawezi kumshika mkono.

Siku moja Hashimu akaja kibandani kwetu amekunja uso.

"Nitolee lile jina."

"Lipi, bwana?" nikamuuliza, nami najua.

"Usinichezee. Kwangua mpaka plasta."

"Na ile NA?"

"NA ya nini tena? Unataka niandikwe Hashimu na nani? Hashimu na mlingoti wa umeme?"

Kesho yake asubuhi nilikuwa juu ya ngazi yangu, brashi ya waya mkono mmoja, kikwangulio mkono wa pili, na watazamaji nimekwisha kuwapata. Nikawatangazia kwamba kabla ya adhuhuri patakuwa peupe kama hapajawahi kuandikwa kitu. Ndipo nikasikia kikohozi chini yangu.

"Shuka," akasema Mzee Mhina.

"Mzee, mwenyewe kasema nikwangue."

"Nimesikia. Shuka."

Nikashuka, watu wananitazama, masikio yanawaka moto. Akanionyesha kwa kidole. "Ile W, utaweza kuiandika tena ikawa ile ile?"

"Hata nikiwa nimefumba macho."

"Mimi siwezi," akasema.

Hapo nikaweka kikwangulio chini, maana Tanga ile hapakuwa na mkono kama wa yule mzee. Akanisogelea, akasema polepole ili wengine wasisikie. "Hashimu yu hai. Anwari yu hai. Mama yao yuko hapo juu ya kichwa chako, anaisikia brashi yako. Wewe ni nani uwamalizie ugomvi wao asubuhi moja, wakati wao wenyewe hawajaumaliza?"

Nimekwisha kukemewa na watu wengi, wengine wana vyeo. Hakuna kemeo lililonikaa kama lile, na lilisemwa bila sauti kupanda.

Akaniambia nikoroge chokaa. Nikakoroga, nikanyoosha mkono kuchukua chumvi, kwa sababu chumvi ndiyo inayofanya chokaa ishike ukutani, kila fundi chokaa wa pwani hii anajua. Akaufunika mkebe kwa kiganja. "Leo bila chumvi." Nikambishia kwamba chokaa tupu juu ya rangi ya mafuta haitadumu, mvua ikija itaondoka. Akakohoa tu, akanipa brashi.

Nikapaka, nikarudia, nikarudia tena, mpaka NA ANWARI ikapotea. Halafu yeye mwenyewe akaingia dukani, mimi nyuma yake, akamwambia Hashimu, "Jina halionekani, lakini sijalikwangua. Lipo chini ya chokaa. Ukitaka life kabisa, hasira ikiisha njoo uniambie, nitakuja na rangi nyeupe ya mafuta."

Hashimu alikuwa anapima kitambaa. Hakuinua kichwa. "Mradi silioni," akasema.

Masika ikaingia, na mvua za Tanga unazijua zinavyopiga ukuta. Kwanza ikatokea bluu kidogo, kama mshipa. Baadaye mguu wa N. Baadaye nusu ya W. Wapita njia wakapata la kusema.

"Hashimu! Mdogo wako kachoka kujificha!"

"Mpe mwavuli basi, analowa!"

Hashimu akaja tena kibandani, safari hii ana sauti ya chini. Akataka rangi ya mafuta. Mzee Mhina akamuuliza, "Hasira imekwisha?"

"Si hasira tena, ni aibu. Wananicheka."

Mzee akashusha pumzi, akachukua kopo. Neno ni neno, alikuwa ameahidi. Tukaenda. Nikapanda, nikafungua kopo, nikachovya brashi, na mwanangu, nilikuwa nimekwisha kuinyanyua nilipomwona Anwari amesimama barabarani, marobota yake ya mitumba kayaacha kwenye mkokoteni katikati ya njia. Mvua zilikuwa zimemzuia siku kadhaa kuja chini ya roshani, na habari za jina lake kuchungulia zilimfikia sokoni. Mvua ilikuwa imekatika, maji yanamtiririka kwenye ndevu.

"Niliambiwa mmelikwangua," akasema.

Akasogea mpaka chini ya ngazi yangu.

"Nani alisema lifunikwe? Kaka?"

Mimi mdomo wangu ulikuwa wazi tayari. Nilikuwa na mengi: habari za chumvi, habari za ile W, jinsi mafundi tulivyo na akili. Mzee Mhina, aliyekuwa ameishika ngazi yangu, akaitikisa kidogo tu. Nikaufunga mdomo.

"Mwenye duka yumo ndani," akasema mzee. "Muulize."

"Niliapa."

"Basi usijue."

Anwari akasimama pale, akatazama kizingiti kama mtu anayetazama mto uliojaa. Halafu akavua viatu vyake vya matope, akaingia.

Kutoka juu ya ngazi nilisikia kila kitu. Hashimu hakujipamba. Alisema, "Mimi nilisema likwanguliwe. Nikaja kuambiwa limefunikwa tu, nikaliacha. Basi. Yote mawili nimefanya mimi, usije ukanishukuru bure." Kisha Anwari akauliza, "Mama amekula?"

"Nenda kamuulize mwenyewe. Shingo yake imechoka kuinama kwenye roshani."

Ngazi za mbao zikaanza kulia, na kutoka juu sauti ya kizee ikaita, "Nani huyo?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi wa kikapu, mama."

Sikusikia zaidi, na hata ningesikia nisingekwambia. Hashimu akatoka nje, akatazama ukuta, akanitazama na brashi yangu inayodondosha rangi. "Funga hilo kopo," akasema.

"Na chokaa iliyobaki?"

"Si unaona wingu lile? Itaondoka yenyewe."

Hawakurudi kufanya biashara pamoja, nisikudanganye. Hashimu hakuuza mitumba mpaka mwisho, na Anwari hakuiacha. Kiapo alichokivunja alikitolea kafara kama dini inavyotaka. Lakini kila jioni alipanda zile ngazi, na mama yao alipofariki, mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Anwari.

Sasa turudi kwako. Yule mama mteja wako alikwambia, "Mtoe mume wangu kwenye picha," nawe ukachukua kifutio, ukamfuta, ukahifadhi juu ya picha ile ile. Picha ya karatasi mwenyewe alikuwa ameichana kwa hasira. Na leo asubuhi amepiga simu, sauti laini kama uji, anamtaka mume wake arudi. Bahati yako nilikuwa nimeweka nakala kwenye diski yangu, kwa sababu mimi si mtu wa kubahatisha.

Nasaha yangu ni hii. Mtu akikwambia futa, wewe weka maski. Paka nyeusi, asimwone. Akitulia akimtaka, paka nyeupe. Hata kijivu kina kazi yake, kinamwacha mtu nusu nusu, kama Anwari wa masika. Lakini maski isiwe ya udanganyifu: Mzee Mhina alimwambia mwenye duka wazi kwamba jina lipo, nawe mwambie mteja. Na nje ya tableti fanya hivyo hivyo. Ukigombana na ndugu, na rafiki, na huyo mchumba unayemnunia wiki hii, usikwangue mpaka plasta. Funika, tena bila chumvi, uiachie mvua kazi yake.

Mwenyezi Mungu akupe mkono unaochelewa kufuta. Akuzidishie riziki kwenye kalamu hiyo mpaka unishinde mimi, ingawa hapo patakuwa na kazi. Na siku utakapogonga mlango uliouacha kwa hasira, akujalie ukute jina lako bado lipo chini ya chokaa. Amina. Kunywa chai, halafu ukamrudishe yule bwana harusi mahali pake.